Katibu Ambaye Hatukumhoji

Jina lake silitaji. Katika kitabu cha utafiti wetu tulilificha kwa sababu ya utaratibu, tukaandika mstari mmoja mwishoni wa kumshukuru "mwongozaji wetu wa Bwera". Safari hii naliacha kwa sababu sijamwomba ruhusa, na kusema kweli sina uso wa kumwomba. Nitamwita kama tulivyomwita wote, Katibu. Alikuwa katibu wa chama cha watu wenye ulemavu pale Bwera, na mwenyekiti alikuwepo pia, ila sijawahi kusikia mtu akimtafuta mwenyekiti.

Mtafiti yeyote aliyefika Bwera miaka ile alipita kwanza kwa Katibu, na kupita kwa Katibu kulikuwa kama kupita kizuizi cha jeshi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa duka la mke wake, kando ya barabara inayokwenda Mpondwe, mpakani na Kongo, mguu wake mmoja ameunyoosha na gongo amelilaza kizingitini ili usiweze kuingia bila kumwomba alisogeze. Kisha akaanza.

"Simama hapo. Jina? Nani ametuma wewe? Unauliza nini? Ukimaliza kuuliza unarudi kusema kitu ulipata, ama unapotea?"

Wengi walianguka kwenye swali hilo la mwisho. Nakumbuka bwana mmoja kutoka Kampala, shahada zake ndefu kuliko jina lake, alianza kumweleza jinsi matokeo yanavyochapishwa na kusambazwa. Katibu akamwacha aseme mpaka akauke. Halafu akamwambia, "Afande, sikuuliza kitabu inaenda wapi. Niliuliza wewe unarudi?" Bwana yule akacheka, akadhani ni mzaha. Gongo halikusogezwa, na jioni ile ile akarudi Kasese na karatasi zake.

Mimi mwenyewe alinichambua siku ya kwanza bila huruma. Nilijua kwamba nitapita kirahisi, mimi si mgeni, nimezaliwa Kasese mjini, baba yangu alikuwa akiuza chumvi ya Katwe, Lhukonzo, lugha ya watu wa huko, nakisema tangu tumboni. Nikajieleza hivyo, kifua mbele.

"Kasese si Bwera," akasema.

"Lakini nasema Lhukonzo, mzee."

"Hata redio inasema Lhukonzo."

Mke wake alicheka huko ndani mpaka akaangusha mita ya kupimia vitenge. Alikuwa mama wa Kikongo kutoka upande wa Butembo, mnene, mchangamfu, Mkatoliki wa kwenda misa hata siku za kazi. Akatoka, akalinyanyua gongo kwa mguu wake kama mtu anayefagia, akanivuta ndani. "Ingia, mama, ingia. Ule muzee anaona kila mutu ni muasi. Kama ungemungoja, ungelala pale inje." Katibu akalalamika kwamba mwanamke huyu anaharibu ulinzi wa nchi. Tangu siku hiyo akaniita Madamu, na nikawa wa nyumbani.

Kiswahili chake kilikuwa cha amri kwa sababu alijifunza kwa askari. Miaka ya waasi milimani, jeshi lilihitaji vijana wa kubeba chakula na risasi kupanda mlima, na vijana hawakuulizwa kama wana nafasi. Yeye alibeba gunia la unga. Wakati wa kushuka, mzigo umekwisha, mikono inaning'inia, akakanyaga bomu lililotegwa njiani. Mguu wa kulia ukaenda kuanzia chini ya goti.

Sasa hapo ndipo taabu yake halisi ilipoanza. Jeshi lilisema huyu si askari, hana namba, hana haki ya chochote. Kijijini walisema huyu alitembea na askari, alikula chakula chao, basi askari wamtunze. Alikuwa akisema hivi, na aliisema hadithi hiyo kwa kucheka, kila mara kwa maneno yale yale: "Jeshi inasema mimi raia. Kijiji inasema mimi askari. Mguu peke yake ndiyo ilijua mimi nani, na imekwisha kwenda."

Alichokitaka hakikuwa fidia. Alitaka mguu wa bandia, na aliutaka kwa sababu moja aliyomwambia kila mtu aliyekaa naye zaidi ya chai ya kwanza. Alikuwa na shamba la kahawa alilorithi, juu kabisa kwenye mteremko, mahali ambapo njia ni utelezi mtupu na gongo likizama kwenye udongo hulitoi. Hakuwa amelikanyaga tangu bomu. Kaka yake, mtoto wa mama mwingine, ndiye aliyekuwa akivuna na kumletea kidogo, na kile kidogo kilikuwa kikipungua kila msimu. Katibu alikuwa akisema mguu ukipatikana, siku ya kwanza atapanda peke yake bila kumwambia mtu, amkute kaka yake katikati ya mibuni na amsalimie tu. Miguu ya kununua ilikuwepo Kampala, lakini bei yake haikuwa ya mtu kama yeye.

Msinielewe vibaya nikimsifu. Alikuwa na kiburi cha kukera. Suruali yake ilipigwa pasi kila siku, upande usio na mguu umekunjwa na kubanwa kwa pini inayong'aa, na mwanachama aliyekuja mkutanoni na nguo chafu alirudishwa nyumbani akaoge. Alipenda kukata watu maneno. Mke wake alimwosha, akamfulia, akamlisha kwa duka lake, na bado nilimsikia zaidi ya mara moja akiwaambia wageni kwamba duka ni lake yeye, mama anamsaidia tu.

Tena kulikuwa na jambo la kikombe. Katika chama kulikuwa na kijana wa Munkunyu mwenye kifafa, mpole, fundi wa kushona mikeka. Katibu alimkubali chamani, akampigania apate kibanda sokoni, akagombana na viongozi wa soko mpaka wakachoka. Lakini mkutanoni kijana yule alipewa kikombe chake peke yake, cha bluu, na hakuna mwingine aliyekigusa. Nilikasirika. Nilimwambia kifafa hakiambukizi kwa kikombe, nikamletea muuguzi amweleze. Akamsikiliza muuguzi kwa heshima zote, akamshukuru, wasingya, wasingya, halafu kikombe cha bluu kikaendelea.

"Wewe Katibu, si ndiyo unasema watu wote wajumuishwe?"

"Nasema."

"Sasa hiki kikombe?"

"Madamu, mimi iko katibu. Mimi si Yesu."

Nilimcheka na nikamkasirikia palepale. Siku hizi sina tena ujasiri wa kumkasirikia kwa kikombe kile.

Utafiti wetu ulikuwa wa kwanza kufika pale ukiwa na watu wa fani nne kwa pamoja. Ndiyo ilikuwa sifa yake kuu, na ndiyo iliyotupatia fedha. Tungechunguza watu wenye ulemavu wanavyotengwa, na hatungewachunguza kipande kipande. Kulikuwa na daktari wa mifupa, mchumi, mwanasheria, na mwanasosholojia aliyekuwa mkuu wetu. Mimi nilikuwa msimamizi wa kazi za uwandani, yaani ndiye niliyetafuta magari, wakalimani, chai na watu. Katibu aliwabatiza wote siku moja. Daktari akawa Wa Damu, mchumi Wa Pesa, mwanasheria Wa Kesi. Mwanasosholojia, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani, alimwita Wa Umbeya, na akamweleza usoni kwa nini.

"Wa Damu anaangalia mguu ilibaki. Wa Pesa anauliza mguu ilienda ilikuwa inaleta nini nyumbani. Wa Kesi anauliza nani alaumiwe. Wewe mama unauliza siku nilirudi bila mguu, bibi yangu alisema nini. Hiyo ni umbeya."

"Na mke wako alisema nini?" Wa Umbeya akauliza, kalamu tayari.

Tulicheka wote, hata mchumi ambaye hakuwa mtu wa kucheka. Wa Umbeya alimpenda Katibu tangu siku ile. Aliniambia garini, huyu ndiye ufunguo wa Bwera, bila yeye hakuna mlango utakaofunguka. Na ilikuwa kweli. Watu wa milimani walikuwa wamechoka na watafiti. Walihojiwa na huyu, wakahojiwa na yule, wakapigwa picha, na hakuna aliyerudi. Mtu akiona gari letu likipanda, aliwaingiza ndani wazazi wake vipofu na kufunga. Lakini Katibu akiwa amekaa kiti cha mbele, milango ilibaki wazi. Heshima tuliyoipata kule haikuwa yetu hata kidogo. Tuliiazima kwake.

Mimi ndiye niliyependekeza aajiriwe. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nililifanya kwa moyo mweupe, na ndiyo maana linaniuma hivi. Niliona si haki mtu atutembeze milima yote kwa chai na asante. Nikapigania apewe kazi rasmi, mshahara, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na kizibao cha bluu kama sisi. Siku nilipompa kizibao alikivaa juu ya koti, akamwita mke wake atoke dukani amwone, akamwita na jirani. Mke wake akasema, "Sasa beko bawili mu nyumba, muzee na ofisi yake." Alikuwa na furaha, nami nilijiona mtu mwema sana.

Katikati ya kazi, Wa Damu akapata ufadhili wa miguu. Katika wale tuliowahoji, waliokatwa miguu wangepimwa na kutengenezewa bure. Nilikurupuka kwenye kiti kwa furaha, nikasema basi Katibu awe wa kwanza. Tulikuwa kwenye kikao hotelini Kasese, wote wanne wapo. Wakatazamana.

Utaratibu wa utafiti, tuliousaini wenyewe, ulisema anayelipwa na utafiti hahojiwi na utafiti. Na asiyehojiwa hapimwi.

Wa Damu alisema yeye angempima hata leo, tatizo lake nini, ila majina lazima yatoke kwa mkuu. Wa Umbeya akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema tukimwingiza mtu wetu, kazi yote itatiliwa shaka, watasema tulijipendelea, na kule Kampala kuna watu wanaosubiri tu tuteleze kwa sababu hawaamini fani nne zinaweza kukaa meza moja. Wa Kesi akasema ni mgongano wa maslahi, hata hakuna cha kujadili. Wa Pesa akafungua kompyuta yake na kusema kwamba isitoshe, kwa kipato chake cha sasa Katibu hayumo tena katika kundi la wahitaji. Kipato hicho, jamani, ni sisi tuliokuwa tukimlipa!

Kila mmoja alisema la fani yake, na kila mmoja alikuwa sahihi. Nilingoja mtu mmoja aseme lisilo la fani yake. Mimi sikuwa na fani, labda ndiyo maana lilikuwa langu kulisema. Ningeweza kusema, basi mwachisheni kazi leo, mhojini kesho, nami nitafute mwongozaji mwingine. Lilikuwa limenifika mdomoni. Lakini mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha, na Wa Umbeya alikuwa amenidokezea mradi unaofuata. Nikaandika kumbukumbu za kikao, kwa mwandiko mzuri.

Nilimwambia Katibu mwenyewe, tukiwa njiani kwenda Munkunyu. Nilimweleza sababu zote, na nilijisikia nikizieleza vizuri, kama mtu anayeamini. Alitazama nje ya dirisha hadi nikamaliza.

"Amri ni amri, Madamu," akasema. Kisha akamwambia dereva apunguze mwendo, kuna nyumba ya mama mmoja pale mbele, mguu wake ulikatwa kwa kisukari, yule mama lazima apimwe.

Siku ya kupima tulikutana kwenye kituo cha afya. Katibu alifika kabla yetu, pasi imekaza, kizibao kimeng'aa. Watu wengine walikuja kwa sababu yeye aliwafuata nyumbani na kuwaamrisha. Aliwapanga kwenye benchi, akawatania, akamshikia mama wa kisukari magongo yake huku yeye amesimama kwa gongo moja. Fundi wa viungo alikuwa ametoka mbali na hakumjua mtu. Alikuwa akitoka kwa huyu anamwendea yule, anachuchumaa, anapima kigutu, anataja namba kwa msaidizi wake. Alipomaliza kwa yule mama akageuka, akaona mguu uliokunjiwa suruali mbele ya uso wake, akachuchumaa hapo hapo na kuifungua ile pini. Alikuwa ameshazungusha tepu.

Katibu hakusogea. Aliinua macho akanitazama mimi.

Nilikuwa kwenye meza ya chai, umbali wa kusemeshana bila kupaza sauti. Nikageukia chupa ya chai, nikaanza kufunga kifuniko ambacho kilikuwa kimefungwa.

Nikasikia sauti yake, ya kawaida kabisa. "Hapana, bwana. Mimi iko wa ofisi."

Fundi akaomba radhi, akamrudishia pini mkononi, akaendelea na mtu wa pili. Kazi iliisha vizuri siku ile. Miguu ilikuja, watu wakatembea, picha zao zimo katika kitabu. Kitabu kilisifiwa kama mfano wa fani kushirikiana. Mimi nilipata ule mradi uliofuata, nikahamia Kampala. Na kwa kuwa alikuwa ametuuliza wote siku ya kwanza kama tutarudi, niseme tu ukweli: kwa miaka mingi hakuna aliyerudi. Nilimpigia simu mara chache za mwanzo. Halafu nikawa naliona jina lake kwenye simu, nasema nitampigia nikipata nafasi ya kuzungumza vizuri.

Nilirudi Bwera mwishoni mwa miaka hiyo, na nilirudi kwa sababu nilikuwa na kitu mkononi. Karakana ya viungo vya bandia ilikuwa imefunguliwa karibu, na kwa kubembeleza watu nikampatia nafasi. Haikuwa ya utafiti, haikuwa na masharti. Njia nzima kutoka Kasese nilikuwa nikijipangia maneno. Nilijiona nimelipa.

Duka lilikuwepo. Katibu nilimkuta uani, amezeeka zaidi ya miaka niliyomwacha. Mke wake alinisalimu, "Karibu, mama," akaenda jikoni bila mzaha wowote. Nilisema habari yangu harakaharaka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mguu ya kwenda wapi, Madamu?" akauliza.

Kaka yake alikuwa ameuza shamba. Katibu alipolalamika, wazee wa ukoo waliitisha baraza hukohuko juu, kama desturi ilivyo. Mwenye kudai ardhi huutembea mpaka wake mbele ya mashahidi, mti kwa mti, akionyesha ulipo. Walisema kaka ameutembea wote, sasa na yeye autembee. Mke wake alimbeba mgongoni mpaka kule, mama mtu mzima yule, akitaka ambebe na kuuzunguka mpaka pia. Wazee wakakataa. Wakasema anayebebwa haonyeshi. Basi akashuka, akatambaa. Mvua ilikuwa imenyesha. Aliifikia miti ya upande wa chini yote. Upande wa juu mteremko ulimshinda, na watu walikuwa wakitazama, na watoto wa kaka yake walikuwa wakitazama.

"Nilikuwa najua kila mti," akasema. "Niliwaambia kwa mdomo. Walisema mdomo si mguu."

Nilianza kulia. Akanikataza, akasema hapa watu watadhani kuna msiba. Mke wake akaleta chai, akaondoka tena.

"Siku ya tepu," akasema, "mimi nilikuangalia."

"Najua, Katibu."

"Uliogopa nini?"

Ningeweza kutaja utaratibu. Nilikuwa nimeutaja miaka yote hiyo, kwa wengine na kwa nafsi yangu. "Kazi," nilimwambia. "Niliogopa kazi yangu."

Alitikisa kichwa polepole, akanywa chai. "Mimi pia. Nilisema, nikinyamaza watanipima, halafu wataninyang'anya kizibao. Nilipenda ile kizibao sana." Akaweka kikombe chini. "Lakini wewe ulikuwa na miguu mbili."

Nilimuuliza tu, kwa sauti ndogo, nimwambie nini fundi wa karakana.

"Mwambie nakuja. Kanisa iko karibu, nitaendea kanisa." Kisha akaniangalia kama alivyoniangalia siku ile, bila hasira. "Lakini siku ya kupima, wewe usiwe pale."

Siku ilipofika nilibaki Kasese, chumbani, simu mkononi. Mchana mke wake akanipigia kuniambia kwamba muzee amepimwa na wako njiani wanarudi. Niliuliza kama ninaweza kumsalimu. Nikamsikia akimwuliza kwa Lhukonzo, nikamsikia na Katibu mwenyewe akijibu kwamba amelala.